Hata Pasta Akaguliwe: Somo Kutoka Beroya

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: Matendo 17:10-12; Luka 6:17-39; Yeremia sura ya 28 na 29; 1 Yohana 2:26-27



Kabla hujaenda mbele, inuka uchukue Biblia yako. Kama ni ile ya kwenye simu, sawa, lakini zima data kwanza, maana jumbe za vikundi zina njia ya kumtoa mtu Beroya na kumfikisha sokoni kabla hajamaliza mstari mmoja. Wiki hii sitakuchapia andiko hata moja kwenye ukurasa huu. Nitakuonyesha mahali, wewe utafungua na kusoma mwenyewe. Nina sababu, na sababu yenyewe ndiyo somo.

Miaka michache iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii ya mchungaji msaidizi, nilipewa dakika kumi na tano za kuhimiza sadaka. Tulikuwa tunamalizia deni la kiwanja. Nikachukua Luka 6:38, ule mstari wa kipimo kinachofurika. Nilihubiri kwa moto! Nikasema ukipanda elfu moja, Mungu ana deni na wewe. Nikapiga hesabu ya thelathini, sitini na mia, nikachanganya na Marko 4 bila hata kupumua (na Marko 4 yenyewe inasema wazi mbegu ni Neno, si noti). Watu wakasimama, vyombo vikapigwa, vikapu vikajaa. Niliteremka madhabahuni nikijiona mtu mkubwa kidogo.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa ushirika wetu, muuzaji wa mboga, akaja ofisini. Hakuja kugombana. Biblia yake alikuwa ameifunga kwa leso. Akaketi, akauliza hali ya mke wangu na mtoto, kisha akafungua Luka.

"Pasta, mwanangu, nisaidie hapa," akasema. "Nimeanza mstari wa 27 nikaja mpaka hapo ulipotufundisha. Naona Yesu anaongea habari ya maadui. Anaongea habari ya kumkopesha mtu bila kungoja arudishe. Sasa ile ya Mungu kuwa na deni na sisi, iko mstari gani?"

Nikaanza kujibu. Nikasema, "Mama, unajua ile ni kanuni ya kiroho..." na nikasikia maneno yangu mwenyewe hayana miguu. Akaningojea nimalize. Halafu kwa upole akaniambia kwamba zile shilingi 6,500 alizotoa siku ile zilikuwa karo ya kijana wake, na kijana alikuwa ametumwa nyumbani tangu Jumatatu. Hakuomba arudishiwe. Alitaka tu kujua kama alikosa imani, ama alikosa kuelewa.

Usiku huo sikulala mapema. Nilisoma Luka 6 kuanzia mstari wa 17, mahali Yesu anaposhuka na kusimama penye tambarare, watu wamekuja na magonjwa yao. Anawaambia maskini wana heri. Anawaonya matajiri. Anasema wapende wanaokuchukia, umpe anayekuomba, ukopeshe usitazamie kitu, uwe na huruma kama Baba, usihukumu, usamehe. Na ndani ya mtiririko huo ndipo unapokuja mstari wa 38. Sisemi kutoa vitu hakumo, maana mstari wa 30 unagusa mambo hayo hayo. Lakini mtoaji wa Luka 6 ni mtu anayempa asiyeweza kumrudishia, hata adui yake. Mimi nilikuwa nimemgeuza kuwa mwekezaji anayengoja faida. Yesu alikuwa ametoa onyo kuhusu mtu wa namna hiyo mistari minne tu nyuma, na mimi niliruka.

Nilipofika mstari wa 39 nikafunga kitabu. Hebu usome sasa hivi. Ni mfano wa kipofu kumwongoza kipofu mwenzake. Nilikuwa nimeachia mahubiri mstari mmoja tu kabla ya shimo.

Nikamweleza mchungaji wetu mkuu. Nilitarajia atanipooza. Akaniambia, "Umeharibu madhabahuni, nenda ukatengeneze madhabahuni." Wazee wakarudisha karo ya kijana, na Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya kanisa lote nikasahihisha. Wengine hawakufurahi. Ndugu mmoja aliniambia nimepunguza imani ya watu. Labda. Ila niligundua kwamba katika ibada nzima ya siku ile ya harambee, mtu mmoja tu alirudi nyumbani akafungua mahali palipohubiriwa, na huyo alikuwa mama wa mboga.

Waberoya walifanya nini hasa

Fungua Matendo 17. Paulo na Sila wametoroshwa Thesalonike usiku, mji umewaka moto kwa ajili yao. Wanafika Beroya, wanaingia sinagogi. Na Luka, mwandishi wa kitabu, anawasifu watu wa Beroya kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: walilipokea Neno kwa moyo, na kila siku walichunguza Maandiko waone kama mambo aliyosema Paulo ndivyo yalivyo.

Angalia ni nani anakaguliwa hapa. Ni Paulo! Mtume, si pasta msaidizi wa mwaka wa kwanza. Mtu aliyemwona Bwana njiani kuelekea Dameski. Tena hakuna mahali Paulo analalamika kwamba amekosewa heshima. Hasemi, "Mimi nimefunuliwa, ninyi ni nani?"

Na kumbuka watu hawa hawakuwa na Biblia mezani. Vitabu vilikuwa magombo, kazi ya mkono, ghali, vimetunzwa sinagogini. Kuchunguza kila siku maana yake ni kuacha duka, kutembea, kuketi na wenzako, mmoja akisoma wengine wakisikiliza na kuulizana. Si siku ya ibada peke yake. Mimi na wewe tuna Biblia tatu nyumbani na nyingine mfukoni, na bado tunamwuliza jirani, "Pasta alisema ni wapi?"

Mstari wa 12 ndio unaonipa furaha. Unaanza na neno la matokeo. Kwa sababu walichunguza, wengi wao wakaamini, na Luka anawataja wanawake wa Kiyunani wenye heshima zao, na wanaume si wachache. Tunaogopa kwamba mtu akianza kuuliza maswali atapoa. Beroya uchunguzi ndio uliowasha moto.

Chuo kikuu nilisomea biashara, na somo lililonitoa jasho lilikuwa ukaguzi wa hesabu. Mkaguzi akiingia kwenye kampuni hamchukii mhasibu. Hasemi mhasibu ni mwizi. Anachosema ni: naomba risiti. Ukiandika umelipa elfu hamsini, nionyeshe karatasi. Mhasibu mwaminifu hutoa faili haraka, tena anafurahi, kwa sababu sasa kuna mtu wa pili anayejua kwamba hesabu zake ni safi. Anayekasirika kwa kuombwa risiti ndiye anayefanya mkaguzi avute kiti na kuketi vizuri.

Lakini hata bila chuo unaijua kazi hii. Mtu akikuja dukani kwako akasema, "Nimekutumia kwa M-Pesa," je, unampa unga? Unangoja ujumbe uingie. Ukiingia, unaangalia jina. Ukiona maandishi yamekaa vibaya, unaangalia salio. Umefanya ukaguzi wa hatua tatu kwa ajili ya pakiti mbili za unga, na hujamtukana mteja. Sasa mahubiri yanayokwambia umwoe nani, utumie dawa ama uache, uuze shamba ama usiuze, unayapokea hivi hivi?

"Usimguse mpakwa mafuta"

Hapa wengine wananiambia, pasta, si imeandikwa tusiwaguse masihi wa Bwana? Imeandikwa, Zaburi 105:15. Sasa soma kuanzia mstari wa 8. Wanaoitwa masihi pale ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama kutoka taifa hadi taifa. Wanaokemewa ni wafalme waliotaka kuwadhuru. Kumwuliza mchungaji, "Hii umeitoa wapi?" si kumdhuru.

Daudi ndiye aliyekataa kuunyosha mkono wake juu ya Sauli. Na Daudi huyo huyo, 1 Samweli 24, alitoka pangoni akamwita Sauli kwa sauti mbele ya askari wake akamwambia kosa lake. Kwa heshima, ameinama, lakini alimwambia. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso, Wagalatia 2. Na sisi Wapentekoste, tunaopenda sana 1 Wakorintho 14, tusome pia mstari wa 29: manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapime. Kupima si desturi ya makanisa baridi. Ni utaratibu wa kanisa lenye karama. (Halafu cheka kidogo: Thesalonike, waliopitwa na Waberoya, ndio walioandikiwa baadaye kwamba wasidharau unabii lakini wajaribu mambo yote. 1 Wathesalonike 5:20-21.)

Ndugu zangu, hili si jambo la kushindania kwenye vikundi tu. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Watu wazima na watoto. Dunia nzima ilisikia kwamba wapo walioacha kula wakiamini hiyo ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Kesi ni ya mahakama na mimi si hakimu. Lakini nilipoona zile picha nilijiuliza swali la mchungaji: ni nani aliyewahi kufungua Biblia yake mwenyewe mbele ya mafundisho hayo akasema, "Hapa ngoja kwanza, iko mstari gani?" Yesu alifunga siku arobaini, kisha akaona njaa, na malaika wakamhudumia. Alipomfufua binti Yairo, jambo alilosema baadaye ni msichana apewe chakula. Marko 5:43. Mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuusoma mstari huo kwa sauti. Unaweza kuokoa mtu.

Basi kila mtu awe pasta wake?

Hapana, na hapa nataka twende polepole, kwa sababu kuna shimo upande wa pili wa barabara.

Yupo mpendwa ambaye baada ya kuumizwa na mhubiri mmoja amesema, "Sasa mimi na Roho Mtakatifu tunatosha." Anakaa nyumbani, anafungua Biblia popote kidole kitakapoangukia, na hapo ndipo atakapopata mwelekeo wa siku. Ukimwuliza, anakupa 1 Yohana 2:27, kwamba tuna upako na hatuhitaji mtu kutufundisha. Vizuri. Rudi mstari mmoja nyuma, 26. Yohana anasema anawaandikia habari za watu wanaotaka kuwapotosha. Kwa hiyo anazungumzia walimu wa uongo waliokuja na siri mpya, na anawaambia kanisa: mlichokipokea tangu mwanzo pamoja na upako wa Mungu kinatosha, hamhitaji siri zao. Na jiulize, wakati anaandika hayo, Yohana mwenyewe alikuwa anafanya nini? Alikuwa anawafundisha! Barua nzima ni mafundisho. Tena Kristo mwenyewe ndiye aliyelipa kanisa walimu, Waefeso 4:11.

Towashi wa Kushi, Matendo 8, alikuwa mtu mwenye cheo na elimu, msimamizi wa hazina ya malkia. Alikuwa na gombo lake mwenyewe ndani ya gari lake mwenyewe, anasoma Isaya kwa sauti. Filipo alipomwuliza kama anaelewa, hakuona haya kusema anahitaji mtu wa kumwongoza. Halafu akauliza swali ambalo ningependa kila mshirika wetu alikariri: nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine? Mtunza hazina anajua kuuliza pesa hizi zimeandikwa kwa jina la nani.

Petro naye anakiri kwamba katika barua za Paulo yamo mambo magumu kuelewa, na watu wasio imara huyapotoa, 2 Petro 3:16. Ikiwa Petro aliona ni magumu, mimi na wewe tuwe na subira kidogo. Kusoma mwenyewe si sawa na kusoma peke yako. Nehemia 8 ni picha nzuri: watu wote wamekusanyika mbele ya lango la maji, wanaume na wanawake na wote wawezao kufahamu, kitabu kinasomwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na Walawi wanapita katikati wakieleza maana. Kitabu kiko wazi mbele ya wote, na bado kuna waelezaji.

Tujaribu mmoja pamoja

Nimechagua Yeremia 29:11, kwa sababu uko kwenye vikombe, kwenye kalenda, kwenye vioo vya matatu na kwenye kadi za kuwaaga watoto wa kidato cha nne. Usifungue 29. Anza 28.

Mwanzo wa sura hiyo yuko nabii mmoja anaitwa Hanania, mwana wa Azuri, wa Gibeoni. Wababeli wamekwisha kuwachukua watu wengi uhamishoni pamoja na mfalme Yekonia na vyombo vya hekalu. Hanania anasimama nyumbani mwa Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kinarudi. Miaka miwili! Ni ujumbe ambao hata leo ungepigiwa makofi na vigelegele. Yeremia mwenyewe anasema Amina, mstari wa 6, maana na yeye angependa iwe hivyo. Kisha Hanania anaitoa nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Ilikuwa ibada ya nguvu. Ila Bwana hakuwa amemtuma. Soma mwenyewe mwisho wa sura uone alifikia wapi, na katika mwezi gani.

Sasa ingia 29. Hii ni barua. Ina waliobeba, Elasa na Gemaria, na ina waliotumiwa, mstari wa 1: wazee, makuhani, manabii na watu waliochukuliwa mateka Babeli. Inawaambia nini? Jengeni nyumba. Pandeni bustani. Oeni, mzae watoto. Utakieni amani mji huo mliohamishiwa na kuuombea, mji wa adui! Msiwasikilize manabii wenu wanaowadanganya. Mstari wa 10, miaka 70. Na hapo tu, baada ya miaka 70, ndipo unakuja ule mstari wa kikombe.

Piga hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 40 siku barua iliposomwa hangerudi. Ahadi ya mema na tumaini ilikuwa ya kweli kabisa, lakini yeye angeiona kwa wajukuu. Alichoambiwa afanye yeye ni kupanda mboga Babeli na kuomba. Je, mstari huu si wako? Mimi nasema ni wako, kwa sababu Mungu aliyewawazia watu wake mema mahali pagumu hajabadilika. Ila hausemi kazi itapatikana mwezi huu. Unakwambia Mungu hajakusahau hata kama jibu ni miaka 70, na kwamba wakati huo panda bustani. Kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, nikimpa mstari wa 11 bila wa 5 na wa 10, nimemfanyia kazi ya Hanania. Nimempa miaka miwili ambayo Mungu hakusema.

Umeona tulichofanya? Hakuna Kiebrania hapo. Tulirudi nyuma sura moja, tukauliza nani anaandika na kwa nani, tukasoma mpaka pumzi ya mwandishi iishe, kisha ndipo tukauliza habari zetu. Hizi namba za mistari zenyewe hazikuwapo mitume walipoandika. Sura tulizo nazo ni za karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, ili watu wapate mahali haraka. Ni kama mbao za barabarani zinazoonyesha umefika wapi, na hakuna anayekula chakula cha mchana kwenye ubao.

Ukiweza, soma pia tafsiri mbili. Mimi hili lilinifundisha kwa aibu. Nikiwa na shahada yangu mpya, nilifanya semina ya viongozi juu ya Mithali 29:18, nikasema kanisa bila maono, yaani bila mpango wa miaka mitano na malengo ya robo mwaka, litaangamia. Nilikuwa na michoro! Nilitumia Kiingereza cha zamani, kinachosema watu wanaangamia. Mzee mmoja akasoma Union Version yake kwa utaratibu, akasema, "Pasta, hapa Kiswahili hakisemi kuangamia, kinasema watu hukosa kujizuia. Na nusu ya pili ni juu ya kuishika sheria." Alikuwa sawa. Maono ya hapo ni neno ambalo Mungu huwafunulia manabii, na ndilo huwazuia watu wasiishi ovyo. Mpango wa miaka mitano ni mzuri, bado ninao, lakini andiko lake si hilo.

Na tusiichezee Biblia hii ya Kiswahili. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akaanza kutafsiri Mwanzo. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka 1891, ya Kimvita 1914, na Union tunayoijua 1952. Mahali pengine watu walilipa zaidi: William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, alinyongwa na mwili wake kuchomwa mwaka 1536. Watu hawa walifanya kazi hiyo ili mama wa mboga aweze kufungua leso na kuuliza, "Iko mstari gani?"

Wiki hii

Kazi ya nyumbani ni Malaki, sura zote nne. Ni kurasa chache, chai haijapoa umemaliza. Chukua daftari la shilingi ishirini na uandike mambo mawili tu: Mungu anaongea na nani katika sura ya 1 na ya 2, na analalamikia nini. Usikimbilie 3:10 kabla hujafika. Ukifika, andika kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake. Usipoelewa mahali, andika swali, usiandike jibu la kubuni. Omba kabla, omba baadaye, na kama kuna jambo limekugusa, lifanye kabla ya Alhamisi.

Asiyejua kusoma asikae nyumbani. Kijana wa jirani asome kwa sauti, wewe sikiliza. Waberoya wengi nadhani walichunguza kwa masikio.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni tutakutana kwenye vikundi vya nyumbani kama kawaida, kila mtu na Biblia yake na daftari. Kikundi cha karibu na soko kitaongozwa na yule mama niliyewasimulia. Kijana wake sasa amemaliza kidato cha nne, na amekubali kuwa msomaji. Nimeomba nafasi nami niketi pale kama mwanafunzi, na mchungaji mkuu amesema atakuja pia, kwa hiyo leteni viti.